Nilimpeleka mama msaada wa kisheria hapa Tabora, nikatolewa nje: maoni yangu

Nyota 4 kati ya 5. Nne ni za watu, ile ya tano nimewanyima kwasababu ya ngazi na benchi, ntafika huko.

Naandika kwa ajili ya wenzangu ambao nyie mko mjini na mzazi yuko kijijini, mzee, hajui kusoma, na kuna ndugu ameshaanza kuzungukazunguka shamba lake. Sitaji jina la ofisi wala la mtu yeyote, lakini ukienda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako ukamwambia una mzee ana shida ya ardhi au ya mali atakuelekeza kwa watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa, na ndivyo nilivyofika mimi.

Mimi niko Tabora mjini, nina kibanda cha uwakala wa hela za simu jirani na Soko Kuu. Mama yangu anakaa kijijini Uyui, kitambulisho cha NIDA kimeandika kazaliwa tarehe 1 Julai 1949 kwasababu siku yenyewe hakuna anayeijua, yeye anachojua ni kwamba alikuwa binti wa kuchota maji wakati wa uhuru. Ana shamba la eka 9 lenye miembe, alipewa na serikali ya kijiji mwaka 1976 kwa jina lake mwenyewe, marehemu baba alikuwa na mashamba yake ya tumbaku upande mwingine kabisa. Hii ya kusema shamba ni la jina lake mwenyewe ishike maana ndo ugomvi wote ulipolalia.

Sasa mwaka jana wakati wa palizi baba mdogo alienda kwa mama na karatasi, akamwambia shemeji weka dole gumba hapa, ni ya kaya maskini, majina yanahakikiwa upya ili hela za TASAF zisikatike. Mama akaweka. Hakusomewa chochote. Mwezi wa tano anakuja mtu kutoka mjini na fundi wa kupima, wanaweka vigingi kwenye miembe, mama anauliza nyie nani, jamaa anatoa karatasi anasema bibi wewe ndo umeniuzia, dole lako hili hapa. Ilikuwa mkataba wa mauziano, eka 4, na hela baba mdogo alishapokea. Mama alinipigia simu analia, na mama yangu si mtu wa kulia, alizika watoto wawili na mume nikiwa namuona.

Nilifanya kosa la kwanza ambalo nadhani wengi tunalifanya, nilikimbilia kwa kijana mmoja anayekaa na kompyuta kwenye stesheneri, wanamuita wakili. Alichukua laki na nusu akaniandikia barua ya vitisho imejaa maneno ya kilatini, ikapelekwa kwa baba mdogo, kesho yake baba mdogo akaja kwa mama kumfokea kuwa amemshtaki serikalini. Hakukuwa na kesi yoyote wala risiti. Kumbe ni kishoka, yaani wakili feki. Baadaye nilikuja kuambiwa kuna mfumo wa e-Wakili, unaandika jina la mtu unaona kama ni wakili kweli na kama leseni yake ipo hai, ni bure na hata kwa simu inafunguka. Laiti ningejua kabla ya ile laki na nusu. Hela iliuma ila kilichoniuma zaidi ni kwamba ile barua ndo ilimfanya mama aanze kuogopa kulala peke yake.

Ndo nikaenda ustawi wa jamii, nikaunganishwa na msaidizi wa kisheria wa kata yetu. Hawa sio mawakili, watu wanachanganya. Ni watu wa kawaida wamefundishwa sheria, wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wanakushauri, wanakuandikia, wanakusindikiza, ila hawaruhusiwi kukudai malipo wala kusimama mahakamani kama wakili. Huyu wa kwetu ni mwalimu mstaafu, alikuja na baiskeli mpaka kwa mama, akakaa kwenye kigoda, akala michembe aliyopewa, akasalimia kwa Kinyamwezi, na kwa saa nzima hakuongelea shamba. Nilikuwa na haraka, kibanda nimekifunga, namuangalia naona huyu anapoteza muda. Mwishoni mama mwenyewe ndo akaanza kumsimulia, mpaka mambo ambayo mimi sikuwahi kuambiwa, kwamba kumbe baba mdogo alishakuja mara mbili kabla na mara zote mbili alikataliwa. Mzee wa watu akaandika yote kwenye daftari na tarehe, na zile tarehe ambazo mama hazijui aliziweka kwa matukio, kabla ya msiba wa fulani, baada ya mvua iliyobomoa shule. Lile daftari ndo lilikuja kutusaidia kuliko barua zote.

Akatupangia siku ya kumuona wakili mjini, akasisitiza iwe asubuhi. Nikauliza kwanini, akasema mzee akishasafiri na jua na njaa majibu yake saa 8 mchana si yale ya saa 3 asubuhi, na wakili anataka kumsikia mama akiwa vizuri. Kitu kidogo lakini mimi na elimu yangu nisingekiwaza.

Sasa siku yenyewe. Tumefika, wakili ni dada mdogo tu, nadhani tunalingana, ameinuka akapiga magoti kidogo, shikamoo bibi, akamketisha mama kwenye kiti chake yeye chenye mto, halafu akanigeukia mimi akasema dada naomba utusubiri nje. Nikamwambia mimi ndo mtoto wake, mimi ndo nimemleta, nauli nimelipa mimi, Kiswahili chenyewe mama anasikia nusu nusu mimi ndo nitamtafsiria. Akasema najua dada na asante kwa kumleta, ila mteja wangu ni bibi, mkalimani tunaye wa kwetu, utaingia bibi akikuita. Mlango ukafungwa.

Kiukweli nilikasirika. Nilikaa kwenye lile benchi nikawa nasema moyoni huyu binti ana dharau, anadhani mimi ni mwizi. Dakika arobaini na tano. Kulikuwa na baba mmoja pale pembeni kamleta baba yake kutoka Sikonge kwa habari za kadi ya benki ya pensheni, mkopeshaji kaishikilia kadi na namba ya siri anayo, kila mwezi mkopeshaji ndo anaenda kutoa hela kwenye mashine anamuachia mzee shilingi kidogo, ile mikopo tunayoita kausha damu. Na yeye alitolewa nje. Tukaangaliana tu.

Nilipoitwa ndani wakili akanieleza, na alieleza vizuri bila kunisema. Akasema kwenye kesi za wazee mara nyingi anayemleta mzee ndo huyo huyo anayemnyonya, na yeye hawezi kumjua kwa kumtazama usoni, kwahiyo anawatoa wote, mtoto mwema na mtoto mbaya, ili mzee aseme lake bila kumuangalia mtu usoni kwanza. Akasema pia siwezi kuwa wakili wa bibi na wa kwako kwa pamoja kwenye jambo moja, leo mnataka kitu kimoja, kesho mkitofautiana nitakuwa wa nani. Na yale aliyoniambia bibi ni siri yake, ukitaka kuyajua muulize yeye. Nikatoka nimenyamaza. Ile hasira iliisha njiani kwasababu nilijiuliza, je baba mdogo naye si angeweza kumleta mama pale pale, akakaa pembeni yake, akamtafsiria? Angemtafsiria vile vile kama alivyomsomea ile karatasi ya TASAF.

Mambo aliyomuuliza mama nimeyajua kwa mama mwenyewe tukiwa kwenye bajaji. Una watoto wangapi na wako wapi, una mali gani, shamba linapakana na nani upande wa jua linapotoka, leo umekuja kufanya nini hapa, na swali ambalo mama alilirudia mara tatu kwa mshangao, unataka nini bibi. Mama akasema hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hilo tangu baba afariki. Na jibu lake halikuwa langu. Mimi nilitaka baba mdogo akamatwe alale ndani. Mama alisema hataki shemeji yake afungwe, atamzika nani, anataka karatasi ichanwe, vigingi ving'olewe na miembe isiguswe. Basi. Na wakili akafuata hilo, si langu.

Kuna jambo lingine lililoniuma ila nitalisema kwasababu ni sehemu ya huduma. Nilikuwa nimeenda na wazo kwamba mama anipe hati ya uwakilishi, ile wanayoita pawa ofu atoni, nisimamie mali zake zote, yeye apumzike. Wakili alimuelezea mama maana yake, kwamba ukimpa mtu hati ya namna hiyo bila mipaka anaweza kuuza, kukodisha, kukopea, na saini yake inakuwa kama yako, kwamba unaweza kuifuta ukiwa hai na akili zako, na kwamba ukifa inakufa na wewe, kwahiyo wanaosema wana hati ya marehemu wanadanganya. Mama akafikiri akasema anipe ya kufuatilia hili shauri tu, kuuza hapana. Imeandikwa hivyo hivyo, msimamizi wa shauri la shamba fulani, hana mamlaka ya kuuza wala kuweka rehani. Usiku ule sikulala vizuri, nilijiona sijaaminiwa. Lakini mama kesho yake alinipigia kuniuliza nimekula nini kama kawaida yake, na nikaona hakuna kilichobadilika kati yetu, ni mimi tu nilikuwa nimezoea kumfikiria kama mtoto wangu.

Upande wa sheria yenyewe wakili alinifungua macho kwenye kitu ambacho naomba mkisome taratibu. Sheria ya Mikataba inasema ridhaa iliyopatikana kwa udanganyifu si ridhaa huru, na mkataba wa hivyo aliyedanganywa anaweza kuukataa. Sheria hiyo hiyo inataja mpaka umri, kwamba mtu akifunga mkataba na mwenye akili iliyopungua nguvu kwa ajili ya umri au ugonjwa au dhiki, akaitumia hiyo nafasi kujinufaisha isivyo haki, mkataba unaweza kuvunjwa. Mimi nikasema si ndo hiyo sasa, tuseme mama ni mzee, akili imechoka, tumalize. Akakataa kabisa. Kwanza akasema si kweli, nimeongea na bibi kichwa chake kiko sawa kuliko changu. Pili akasema leo tukisema akili imechoka ili tupate eka 4, kesho bibi akitaka kuandika wosia au kukodisha shamba wale wale watakuja na maneno yetu wenyewe kumwambia hakimu kuwa bibi hana akili tangu mwaka jana, mwanae alisema. Kwahiyo tukaenda na udanganyifu, kwamba alidanganywa karatasi ni ya nini na hakusomewa. Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba unaweza kumtetea mzee kwa namna ambayo inamvua utu wake huku unashangilia umeshinda. Na kwa kweli upande wa pili walikuwa tayari wameanza huo mchezo, walisema bibi aliuza kwa akili zake timamu, halafu wakasikia anakana, wakasema amesahau, uzee. Akili timamu siku ya kuuza, uzee siku ya kukana.

Kwa wale ambao mzee wenu akili kweli imeondoka, hawakumbuki hata nyie, njia ni nyingine, kuna Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 na maombi yanapelekwa mahakamani, mahakama inachunguza na kuteua mtu wa kusimamia mali zake na huyo mtu anawajibika kwa mahakama. Usimshike mzee wa hivyo mkono ukamuwekesha dole kwenye hati ya uwakilishi, hiyo haina nguvu na inaweza kukugeuka.

Turudi kwetu. Ardhi ya kijiji kuuzwa lazima ipite halmashauri ya kijiji, na msaidizi wa kisheria alienda kwa mtendaji akaomba kuona muhtasari wa kikao kilichopitisha mauzo, hakuna kikao wala muhtasari. Tukaanzia Baraza la Kata, na hapa mjue kuna mabadiliko, tangu 2021 Baraza la Kata halihukumu tena kesi za ardhi, linapatanisha tu, likishindwa ndani ya siku 30 ndo unaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wakili haruhusiwi kumsimamia mtu kwenye Baraza la Kata lakini ndugu anaweza akiombewa, na hata kule wilayani ndugu au mtu wa kaya moja anaweza kumuwakilisha mzee asiyeweza kwenda kila tarehe, si lazima wakili. Wengi wanaacha haki ya wazazi wao ipotee wakidhani bila wakili wa milioni hakuna kinachoendelea. Na msikae nayo pia, madai ya kurudisha ardhi yana ukomo wa miaka 12, ukilala mtu akalima miaka hiyo yote unakuta mlango umefungwa.

Kikao cha kwanza baba mdogo hakuja. Cha pili alikuja na mnunuzi, na mnunuzi wa watu naye akaonekana katapeliwa, aliambiwa shamba ni la ukoo na bibi ni mjane tu anayelitunza. Mama alisimama mwenyewe, kwa Kinyamwezi, akasema shamba hili nilipewa na kijiji mwaka ule tuliohamishwa, mume wangu alikuwa hai na hakulidai, wewe shemeji ulikuwa mtoto ulinisaidia kung'oa visiki, nilikupa uji. Baba mdogo aliinamisha kichwa. Wakaandika maridhiano, mkataba umefutwa, baba mdogo anamrudishia mnunuzi hela kwa awamu, vigingi vinatoka. Mama alisomewa maridhiano yote neno kwa neno kwa lugha yake kabla ya kuweka dole, na chini ikaandikwa kuwa amesomewa na nani na kwa lugha gani. Sasa hivi ndo karatasi pekee ninazozikubali kwa mama.

Kuna jambo nililitaka kulipita lakini siwezi. Katikati ya haya yote watoto wa baba mdogo walianza maneno kijijini kuhusu macho ya mama. Mnajua huku kwetu maana yake. Macho ya mama ni mekundu kwa miaka hamsini ya kupika kwa kuni na sasa ana mtoto wa jicho, lakini mwanamke mzee, mjane, macho mekundu, ana shamba zuri, tumezika bibi za watu wengi kanda hii kwa sababu hizo nne tu. Mimi nilipomwambia msaidizi wa kisheria nilitegemea aniambie ni maneno ya watu yatapita. Aliacha chai mezani. Siku ile ile alienda kwa mtendaji na mwenyekiti wa kijiji, akampigia polisi kata na afisa ustawi, kesho yake wakaita kikao cha kitongoji na kusema waziwazi kwamba kumtaja mtu kuwa mchawi ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Uchawi, sheria ipo tangu 1928, na kwamba bibi huyu akipata hata mkwaruzo, mtu wa kwanza kuhojiwa anajulikana. Akapanga pia mabinti wawili wa jirani wawe wanalala kwa mama kwa zamu mpaka shauri liishe. Na mama akapelekwa kupimwa macho. Kwenye huduma yote hii, kama ningeambiwa nichague kitu kimoja tu cha kushukuru, shamba lingekuwa la pili.

Baada ya hapo mama mwenyewe, bila mimi kumwambia, aliomba kurudi kwa wakili kuandika wosia. Nilimuuliza kama naweza kuandika habari hii hapa akasema andika, wenzangu wajue. Sisi ni Waislamu, kwahiyo wakili alimuelezea kuwa wasia ni ndani ya theluthi ya mali na hauendi kwa mrithi mpaka warithi wengine wakubali, akamshauri aongee na shehe wake kabla, mama akaenda. Anataka eka 2 ziende kwa mjukuu wake, binti wa marehemu dada yangu, ambaye ndo anachota maji na kumpaka dawa miguuni, na ambaye kwa mirathi ya kawaida asingepata kitu maana sisi watoto tupo hai. Kwa wale wanaofuata mila, wakili alisema taratibu za mwaka 1963 zinataka asiyejua kusoma awe na mashahidi wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Wetu aliweka wanne hata hivyo, kwa usalama, na siku hiyo mjukuu hakuruhusiwa kuwepo hata uani, na asubuhi yake mama alipata barua ya daktari kuwa akili iko timamu. Nakala moja imebaki ofisini, na tumeambiwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, nao wanapokea kutunza wosia. Mimi katika zile eka 2 sipati kitu na nimeridhika, huyo binti amestahili.

Haya, nyota ya tano. Ofisi iko juu ghorofani na ngazi hazina pa kushika. Ofisi ya wazee! Mama alipanda akisimama kila hatua, na yule mzee wa Sikonge alibebwa mgongoni na mwanae mbele za watu, uso wake siwezi kuusahau. Wakishindwa kuhama basi wakili ashuke chini, waweke meza na pazia kwenye chumba cha mlinzi. Benchi halina mgongo, mtu wa miaka 75 anakaa hapo saa mbili. Ukuta wa chumba ni mbao nyembamba, nikiwa nje nilisikia sauti ya mama ikipanda, maneno sikuyashika ila mwenye nia angeyashika, na kama siri ni ya mteja basi ukuta nao uijue. Wakili ni mmoja siku mbili kwa wiki, simu haipokelewi siku nyingine, tuliwahi kwenda na kurudi bure, na nauli ya bodaboda kutoka kijijini kwenda na kurudi ni elfu ishirini, kwa mama hiyo ni hela ya mwezi. Hela ya wakili sikulipa hata mia, nimelipa kopi, picha za pasipoti na nauli tu, na kila nilichotoa nilipewa risiti.

Na hili si la ofisi yao ila nalisema, wazee wa bara bado wanategemea sera ya wazee na sheria za jumla, wakati Zanzibar walishatunga sheria ya wazee mwaka 2020. Sera haikushiki mkono mbele ya baraza. Msaidizi wetu na wakili walilazimika kuchota kwenye sheria ya mikataba, ya ardhi, ya uchawi, kipande hapa kipande pale, kumfunika mama mmoja.

Mkienda: kitambulisho cha NIDA au kadi ya kura ya mzee, karatasi yoyote ya shamba hata kama imeliwa na mchwa, majina ya majirani wanaopakana, na kopi ya ile karatasi mnayoigombea, usiwape orijino. Mwambie mzee mapema kuwa ataongea peke yake ili asiogope mlango ukifungwa. Baba mdogo bado anadaiwa awamu moja na mnunuzi, amesema baada ya kuuza asali. Ofisi ni Jumanne na Alhamisi, ukifika baada ya saa 3 foleni imeshajaa, na pale jirani hakuna mama ntilie, mfungie mzee chai kwenye chupa na kitu cha kutafuna.